Yule Mtoto wa Mississippi Hatafika Septemba

Jumatatu, 14 Agosti

Joto la Ohio halina huruma katika kambi yetu ya futiboli ya Kimarekani, ile ya kubeba mpira mikononi. Kitanda cha bweni kifupi, miguu imelala nje tena. Lakini si kitanda kilichoninyima usingizi. Ni Tavion Meeks.

Ametoka chuoni juzi tu, kwao Mississippi. Leo kapewa mpira, nikapepesa macho, kumbe keshafika mwisho wa uwanja. Watu mayowe! Mimi nilikuwa nafunga kamba za kiatu. Na ananiita mzee. Mzee! Nina miaka thelathini. Haya, kwa mkimbiaji thelathini ni jioni, lakini si lazima mtoto anikumbushe.

Kwenye timu imebaki nafasi moja ya mkimbiaji, yaani mbeba mpira. Ama yeye, ama mimi.

Kocha Brannigan alisema mezani kwamba kukimbia hata mbwa anajua. Anayedumu kwenye kazi hii ni yule asiyedondosha mpira, na anayeweza kumzuia beki asimfikie mrusha mpira wetu. Nilifurahi sana. Tavion hawezi lolote kati ya hayo. Mpira humtoka mikononi kama sabuni, na akigongwa huruka. Hatafika Septemba.

Nilimpigia mke wangu Renita kumpa habari hizo njema. Akasema sawa, ila baba yake amenishikia kazi dukani kwake Toledo, ikitokea nimeachwa. Duka la magodoro. Nitavaa vazi la mto na kupungia magari barabarani. Mto! Mimi, Cordell Pruitt!

Jumatano, 16 Agosti

Mpango wa kwanza. Kambini mgeni huwabebea wakongwe helmeti na pedi za mabega baada ya mazoezi. Hiyo ni mila ya kweli. Mimi nimeiongezea ya kwangu. Nilimwambia Tavion kwamba mkimbiaji mgeni hutembea na mpira kutwa: mezani, mkutanoni, hata chooni. Atakayeupiga ukaanguka anaimbiwa wimbo wa chuo cha mgeni, mgeni akiwa amesimama juu ya meza. Akajibu, "Sawa, mzee." Hata hakuuliza! Nikawatangazia wenzangu wote.

Mchana mpira ulitumbukia kwenye supu ya mahindi. Jioni ulivunja taa. Ameimba mpaka sauti imekauka, na Kocha amekunja uso. Siku nzuri.

Jumamosi, 19 Agosti

Mpira hauanguki tena. Nilimvizia mwenyewe kwenye ngazi, kwa nyuma, kwa nguvu zangu zote. Nimetegua kidole. Aliniomba radhi, akaniletea barafu, mpira ukiwa kwapani.

Mpango wa pili. Gunderson ni beki wetu, jitu la Minnesota lenye shingo pana kuliko kichwa. Mama yake huoka pai za tufaha na kututumia kambini, nasi tunazila kwa heshima zote. Nimemnong'oneza kwamba Tavion anasema pai za mama zina ladha ya boksi.  Gunderson aliweka uma chini, polepole. Mpaka mimi niliogopa.

Jumanne, 22 Agosti

Zoezi la kuzuia mabeki. Kila zamu Gunderson anamchagua Tavion. Jana alimrusha mpaka kwenye ndoo za maji. Nilimwonea huruma kidogo, nikakumbuka lile vazi la mto, ikaniisha.

Jioni Tavion alibisha chumbani kwangu. Macho yamevimba. Alitaka kujua anakosea wapi. Nikamwambia ainame chini kabisa, kisha amwingie beki kifuani kabla hajapata kasi. Nilidhani atavunjika. Ndivyo ninavyofanya mimi, na mgongo wangu huu hapa, unalia kama mlango mbovu.

Alinishukuru kwa moyo wote. Aliacha hata kipande chake cha pai. Nimekila.

Jumamosi, 26 Agosti

Mechi ya mwisho ya majaribio. Siku mbaya!

Beki wa wageni alipenya katikati akija mbio, na mrusha mpira wetu amempa mgongo. Tavion akainama. Akamwingia kifuani. Beki akajikuta ameketi nyasini kama mtu aliyekuja mandari. Uwanja mzima ulisimama. Nami nilisimama, nikapiga mayowe, ndipo nikakumbuka niko upande gani.

Baadaye alipobeba mpira, mabeki wa wageni walimrukia kundi zima wakimkung'uta mikono. Mpira haukutoka. Mimi nilipewa mpira mara moja, nikateleza. Nyasi zilikuwa zimelowa. (Hazikuwa.)

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Gunderson alimkumbatia mtoto na kumuuliza kuhusu ile pai. Tavion akaapa kwamba tangu azaliwe hajala pai tamu kama ile. Gunderson akageuka, akanitazama mimi. Nimeoga haraka.

Jumanne, 29 Agosti

Siku ya mchujo. Saa kumi jioni orodha ya wanaobaki inafungwa.

Mzee Wendell ndiye hutumwa kuwaita wanaoachwa. Viatu vyake vya raba havina sauti. Unashtukia mkono begani: "Kocha anakuita, mwanangu. Njoo na kishikwambi chako." Mipango yote ya timu imo humo. Ukikirudisha, kwisha habari yako. Asubuhi tulikula sote tukiwa tumeuelekea mlango.

Nilimwona akiingia, akiangaza macho. Nikapata wazo. Asiyeonekana hawezi kufukuzwa! Nikachomokea dirishani hadi chumba cha nguo, nikajitosa kwenye kapu la magurudumu la taulo chafu.

Nilimsikia akipita. "Cordell! Wewe Cordell, acha utoto!" Nikazama zaidi. Harufu ya jasho la timu nzima, na mimi chini yake, nikiomba Mungu. Nilijiona niko Toledo, mimi ni mto, mvua inaninyeshea.

Mara kapu likaanza kutembea. Likapinda kona, likasimama mbele ya mashine ya kufulia. Taulo zikafunuliwa. Tavion! Na mpira kwapani. "Mzee, ndiko uliko? Kocha anakutafuta tangu asubuhi." Nilimuuliza kwa sauti ndogo kama nije na kishikwambi. Akasema hakusikia habari za kishikwambi.

Kocha alinikaribisha kiti, kisha akaniomba nikisogeze karibu na dirisha. Akasema anabaki na wakimbiaji wanne badala ya watatu. Mpiga mateke wa akiba ndiye aliyeachwa ili nafasi ipatikane. Tavion amemsimulia yote: mpira wa kutwa, kumchokoza Gunderson ili amkomaze, lile somo la kuinama. Kocha hajapata kuona mkongwe akimfundisha kwa moyo mtu anayetaka nafasi yake. Nikasema kwa unyenyekevu kwamba ndivyo nilivyolelewa.

Nilitoka nje. Nililia ndani ya taulo niliyotoka nayo kapuni. Nikampigia Renita, naye akalia, akacheka, akasema vazi la mto atapewa binamu yake. Ee Mungu, asante! Sijawahi kuona anga nzuri namna hii.

Jumatano, 30 Agosti

Nimelala fofofo, miguu nje.

Asubuhi Kocha ameleta mkimbiaji mwingine, aliyeachwa jana na timu nyingine. Mdogo kuliko Tavion. Ana mbio kuliko Tavion. Kaniita mzee. Kocha ameniomba nimlee kama nilivyomlea mwenzake.

Nimlee? Nina wazimu? Nimemwambia kwamba hapa mgeni hupanda ngazi zote za uwanja akiwa amembeba mkongwe mgongoni, kila asubuhi. Mkongwe ni mimi. Ameshaanza, miguu inamtetemeka. Hatafika Oktoba.

Na kuhusu mchujo, sasa siri ninayo: ni kujificha tu. Mwakani nitatafuta kapu lenye kifuniko.