Injinieri wa Matope ya Gatete

Siku watafiti wa maji walipofungasha vitu vyao kuondoka Rumonge, Casimir alikuwa kibandani sokoni, akinywa chai iliyolipiwa na wengine. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, shati limepigwa pasi, viatu vimeng'arishwa, kazi hana. Aliwahi kuwa wakala wa viza za Kanada, tabibu wa betri za simu, na kwa wiki mbili mchungaji wa kanisa lisilo na jengo. Kazi zote hizo aliziacha kwa hiari yake, kwa kawaida kupitia dirishani.

Watafiti walikuwa wametumia masika yote kukipanda kijito kinachoshukia Gatete. Huko juu milimani watu huosha dhahabu, na matope yanayobaki huyamwaga kijitoni. Matope hayo huteremka hadi kwenye mashamba ya mpunga, kisha ziwani. Watafiti walichota maji kwenye chupa, wakapima matope, wakaandika ripoti nene: yachimbwe mabwawa mawili, matope yatulie humo, maji safi yaendelee na safari yake. Kila aliyepewa ripoti alishukuru sana, akaifungia kabatini.

Mji mzima ulisikia habari hiyo, na hakuna aliyeiamini. Mtu mwenye akili atoke Bujumbura na gari, alale hemani wiki hadi wiki, apime uchafu?

"Wale wanatafuta dhahabu," alisema Hadji Amisi, mfanyabiashara wa mawese, kwenye meza ya jirani. "Chupa zote zile! Maji inapimwa na mudomo, haipimwi na mashini."

Casimir akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa kwenye wosia. Akaondoka mbio kwenda kuwasaidia watafiti kupakia mizigo. Kwa wema huo walimwachia kofia ngumu ya njano yenye ufa, kizibao cha rangi ya machungwa, na nakala ya ripoti iliyomwagikiwa maharage. Alishukuru hadi machozi yakamlenga.

Jumatatu asubuhi, Hadji Amisi alimkuta mtu mwenye kofia ngumu amepiga magoti kando ya kijito, ananusa matope. Kofia ngumu ina muujiza wake: anayeivaa hakuna anayemkumbuka sura.

"Amahoro, Hadji," alisema Casimir bila kugeuka. "Usikaribie. Hii ni kazi ya siri."

Hadji akakaribia.

"Wachimbaji wa kule ku mulima wanaosha na karai," Casimir alinong'ona. "Karai inashika robo. Robo tatu inateremka mu matope, inapita, inaingia ziwani. Samaki wa Tanganyika, Hadji, wana dhahabu tumboni kushinda bibi harusi shingoni."

"Astaghfirullahi! Na mimi ninakula mukeke kila siku!"

Casimir akateka matope kwenye sahani, akayaosha kwa madaha, akamwonyesha. Chini palimeta chembechembe. Palikuwa na haki ya kumeta: alfajiri ile alikuwa amelipiga tupa kufuli la shaba hadi likapoteza maana.

Mpango ulikuwa mwepesi. Wachimbe mabwawa mawili, wawaambie watu ni kwa ajili ya maji safi, kisha mvua zilete matope na matope yalete utajiri. Ulihitajika mtaji tu, na Casimir alijitolea kuushika mwenyewe. Lakini Hadji Amisi hakutajirika kwa kutoa noti.

"Pesa hapana," alisema. "Nitatoa mawe, kamyo, na sima." Ndivyo saruji inavyoitwa huko, na kamyo ni lori. "Pesa inakimbia. Sima haina miguu."

Casimir akawaza kwamba sima inauzika, akakubali.

Mahali palipowekewa alama kwenye ripoti palikuwa shamba la ushirika wa wakulima wa Gatete. Mwenyekiti wake, Zipora, alikuwa mjane wa miaka sitini, aliyerudi na watoto wake kutoka ukimbizini Tanzania akakuta nusu ya mpunga wa kwao imezikwa na matope. Aliwasikiliza hadi mwisho wageni wake wawili, waliofika kwa pikipiki kuukuu, mali pekee ya Casimir.

"Kwa hiyo Hadji anatoa vyote hivi kwa ajili ya maji yetu?"

"Kwa ajili ya Mungu," alisema Hadji, macho yakiwa kwenye tope.

"Mungu akuzidishie, Baba. Na wewe, Injinieri, utalala kwangu. Mgeni wa heshima halali nyumba ya wageni. Lete na pikipiki ndani, hapa wezi ni wengi."

Akaifungia pikipiki chumbani, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitenge.

Lori la kwanza la sima lilipofika, Casimir hakupata hata nafasi ya kusafisha koo. Akina mama wa ushirika walikuwa tayari wamejipanga, wakaibeba mifuko kichwani wakiimba. Kabla ya chakula cha mchana sima yote ilikuwa imelala kati ya mawe, imeanza kukauka. Ikawa hivyo kila lori lilipokuja.

Mateso ya pili yalikuwa maswali ya Zipora.

"Injinieri, ukuta hapa chini upana wake kiasi gani?"

"Upana... wa kutosha, Mama."

"Ripoti inasemaje?"

Basi Casimir akaanza kuamka alfajiri, kwenda na ripoti chooni, kusoma akiwa amechuchumaa, na kutoka amejaa elimu. Alijifunza kwamba udongo wa mfinyanzi hushindiliwa tabaka kwa tabaka ili maji yasipenye. Alijifunza kupima usawa kwa mpira mrefu uliojazwa maji. Siku maji yalipolingana ncha zote mbili za ukuta, alijikuta anacheka peke yake kama mwendawazimu, kisha akajikemea vikali.

"Na njia ya maji ya mvua kubwa?" Zipora aliuliza siku moja. "Bila hiyo maji yatapita juu ya ukuta. Na ukuta wa udongo, maji yakipita juu yake, unayeyuka kama sukari. Chini yake ni nyumba zetu."

Ukurasa huo Casimir alikuwa ameuruka kwa sababu ya maharage. Akaubandua kwa kisu, akausoma, na likalazwa bomba kubwa la zege ubavuni mwa ukuta kupunguza maji yakizidi.

Hata hivyo, tusimwonee kwa kumwita mtu mwema mapema. Juma la mwisho alifanikiwa kuiba mifuko minne ya sima. Akaificha mahali ambapo kiangazi hakuna anayechungulia: ndani ya lile bomba. Alhamisi dereva mmoja angekuja kuichukua.

Mvua ikaja Jumatano.

Siku hiyo Zipora alikuwa amempa pikipiki akanunue misumari mjini. Casimir, akiwa hatimaye na magurudumu chini yake, aliamua kuisamehe sima na kushika barabara ya Nyanza-Lac moja kwa moja. Hakufika mbali. Matone makubwa yakamkimbiza chini ya paa la duka, na alipotazama nyuma, milima ya Gatete haikuonekana.

"Leo ile barrage ya Mama Zipora itajulikana kama ukuta wake unashika maji," alisema mwenye duka kwa furaha.

Casimir akaliona akilini lile bomba. Akaiona mifuko minne imelala ndani yake kama kizibo cha chupa. Akaziona nyumba zilizo chini ya ukuta; katika mojawapo alikuwa amekula ugali na dagaa kwa miezi miwili bila kudaiwa hata asante.

Tangi la petroli lilikuwa limejaa. Barabara ilikuwa wazi. Casimir akatukana kwa Kirundi, akatukana kwa Kifaransa, akageuza pikipiki.

Alikuta maji yamebakiza shubiri moja kufika ukingoni. Akina mama walikuwa juu ya ukuta na majembe, wakilundika udongo, wengine wakisali kwa sauti.

"Shukeni!" alipiga kelele. "Tokeni hapo!"

Akateremkia mtaro ulio chini ya ukuta, mahali bomba linapotokea, akaingia bombani kichwa mbele. Ukatoka mfuko wa kwanza. Ukatoka wa pili, na wa tatu. Wa nne ulikuwa umelowa na kukwama, na maji yalianza kumfika kidevuni. Ndipo alipohisi mikono imara kama koleo imemshika miguuni. Ni Zipora. Akavuta mara moja, akavuta mara ya pili, na Casimir, mfuko na maji vikatoka pamoja kwa mshindo. Kijito kikapiga mbio bombani kikinguruma. Ukuta ukabaki wima.

Walipopata pumzi, watu wote walikuwa wanatazama mifuko minne iliyolala kwenye majani.

"Injinieri," alisema Zipora polepole, "ripoti inasema sima inahifadhiwa mu bomba?"

"Mama, mimi si injinieri."

"Hilo tunalijua."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza. Mtu anayekwenda chooni na ripoti kila alfajiri ni mwanafunzi." Zipora akakamua kitenge chake. "Mimi nilifua nguo miaka tisa kwenye mgodi mmoja Tanzania. Tope hili kule linaitwa topesumu, na nimeona bwawa lake likijengwa tangu jiwe la kwanza. Hata hiyo ripoti ninayo, watafiti waliniachia. Mimi nilikosa sima tu, na mtu wa kumlainisha Hadji aitoe."

Casimir akaketi kwenye majani, kando ya mifuko yake.

Asubuhi Hadji Amisi akafika na makarai mapya na chekecheke, uso unang'aa. Alikuta umati, na shefu wa zone, mkuu wa eneo lile, amevaa tai. Zipora akamzuia kwa heshima kubwa.

"Hakuna kugusa tope, Hadji. Wachimbaji wanatumia zebaki, ni sumu. Ikae humo humo."

"Na dhahabu yangu?"

Umati wote ukamgeukia.

"Dhahabu gani?" aliuliza shefu wa zone.

Hadji akautazama umati. Akamtazama Casimir, aliyekuwa anasoma mawingu. Akaona kwamba akisema kweli, lazima aseme pia alikuwa anachimba dhahabu ya watu shambani mwao kwa siri.

"Maji," alisema kwa taabu. "Maji ndiyo dhahabu."

Vigelegele vikapanda hadi ziwani. Chini ya bwawa la pili kijito kilikuwa kinapita cheupe juu ya kokoto, na wazee walikuwa wanakitazama kama jamaa aliyerudi kutoka gerezani.

Pikipiki Zipora aliizuia, kufidia sima iliyogeuka mawe. Hivyo Casimir hakuwa na njia ya kuondoka ila lori la Hadji, lililokuwa linapeleka mapipa ya mawese Bujumbura. Walikaa bega kwa bega, kila mmoja akitazama barabara. Karibu na Magara Hadji akashindwa kuvumilia.

"Niambie kweli. Mu matope ile, hata kidogo?"

"Hata kidogo, Hadji."

Lori likapunguza mwendo ghafla. Akina mama kama thelathini walikuwa wamesimama katikati ya barabara na majembe begani. Mmoja akaja dirishani.

"Mimi ni Jovita, mdogo wa Zipora. Ametupigia simu. Fundi wa mabwawa ndiye huyu?"

"Dada, kuna makosa," alianza Casimir.

"Huku pia matope yanaharibu pale samaki wanapozalia. Dada amesema usipewe pesa, zinakuumiza. Utapewa chakula na pa kulala."

Hadji Amisi akaangua kicheko, cha kwanza siku ile. Alicheka hadi kofia yake ya kiua ikamdondoka.

"Karibu na wewe, Hadji," alisema Jovita. "Mawe tunayo. Kumebaki sima."

Hadji akamgeukia dereva amwambie atie moto. Dereva, ambaye baba yake alikuwa mzaliwa wa Magara, alikuwa ameshazima gari na kuteremka kumsalimu shangazi yake kati ya wale akina mama.