Kipimo cha Mtandao Nyuma ya Nyumba Yangu

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Siku kubwa. Barua kumi na moja nimepeleka magazetini: taifa lisilotafiti mawasiliano yake lenyewe linaongea kwa mdomo wa kuazima! Utafiti ni miaka, si wiki! Tatu zilichapwa. Leo nimesikika. Dkt. Warda ameshuka kwenye boti na vyombo viwili vya kupima mawimbi ya simu. Utafiti wa miaka kumi na miwili, fedha za taifa, hapa hapa deltani! Kimoja kafunga nyuma ya nyumba yangu. Cha pili kwa shemeji Tamimu, kaka wa mke wangu, ambaye hajamaliza kitabu tangu darasa la saba. Alhamisi atachagua kiwanja kimoja kiwe kituo, na kibao kitaandikwa jina la mwenye kiwanja. Akasisitiza tusiguse kitu.

Jumanne, 12 Agosti
Nimechungulia chombo. Mtandao mstari mmoja, na maji yakijaa hata huo hakuna. Aibu! Nani ajenge kituo cha mawasiliano pasipo mawasiliano? Kosa ni la mikoko, imesimama kati yangu na mnara wa bara. Nimemwita Bashiru, mkata boriti mwenye kibali. Mke wangu Mwanamina akakumbusha tulivyoambiwa. Nikamweleza kwamba chombo hakitaguswa. Akarudi kuanika kamba wake.

Jumatano, 13 Agosti
Mistari minne! Kijiji kizima kiko uani kwangu. Jirani Gharibu kaongea na binti yake wa Utete mpaka simu ikazima. Nimepita kwa Tamimu makusudi kumpa pole. Nimemkuta kalala.

Alhamisi, 14 Agosti
Dkt. Warda kazunguka nyuma ya nyumba, kahesabu visiki. Kisha akasema kwa upole: "Mzee Hashimu, tulikuja kuupima mkoko. Uko wapi?"

Kumbe wanachunguza mawimbi yanavyopotea kwenye mikoko na maji ya kujaa, ili wabuni mitambo ya delta. Kumbe ubovu ndio mali! Kwa Tamimu ni kubovu kabisa. Kachaguliwa.

"Shemeji," akaniambia, "nimekushinda nikiwa usingizini. Ningeamka ingekuwaje?"

Mwanamina kacheka mpaka kakaa chini. Damu yao moja.

Nimebembeleza, nimetaja barua zote kumi na moja. Dkt. Warda akaingiwa na huruma: nipande mikoko, na ikifikia urefu wa ile ya zamani, kwangu kutakuwa kituo cha pili. Na kibao. Alikadiria miaka kumi.

Ijumaa, 15 Agosti
Nimepanda miche mia mbili. Nimeanza barua ya kumi na mbili, juu ya taifa lisilojua kusubiri.

Jumamosi, 16 Agosti
Nimepima miche kwa rula, asubuhi na jioni. Haijaongezeka hata kidogo. Miaka kumi! Nani wa kungoja? Nimemuuliza Bashiru kama mkoko mkubwa unaweza kung'olewa na mizizi yake ukahamishwa kwa mtumbwi. Anasema tujaribu. Kwa Tamimu mikoko imesongamana, mirefu, pale pale mbele ya chombo. Kesho shemeji anakwenda Kibiti. Maji yakitoka tu, tunaanza.

Chombo hakitaguswa.