Mwaridi wa Mama Oydin

Jumatatu, 19 Mei

Nimefanikiwa! Mwaridi wa marehemu baba mkwe sasa uko uani kwangu. Aliupanda mwenyewe siku alipomwoa Mama Oydin, kule nyumba ya zamani nyuma ya soko la hariri. Nyumba imeuzwa, Mama Oydin kahamia kwa binti yake mkubwa mjini Fargona, na mwaridi nikakabidhiwa mimi. Alisema niuhamishe majani yakishapukutika kwa baridi, si kabla. Sawa, lakini kufikia hapo kamati ya mtaa itakuwa imeshakagua nyua zamani! Wanakuja Jumapili. Zawadi ya maua bora ni zulia. Kila mwaka analichukua jirani yangu Tursun, mwoka mikate, kwa yale maua yake meupe yasiyo na harufu. Mwaka huu atanitambua.

Nimechimba adhuhuri, jua la utosi, mti umechanua wote. Mizizi mirefu ilinisumbua, nikaikata. Mimi kinyozi, kukata ndiyo kazi yangu. Mke wangu Mavluda kauliza kama mama yake anajua. Nimesema tutamshangaza.

Jumanne, 20 Mei

Umeinamisha kichwa. Uchovu wa safari tu. Mavluda kasema hata yeye angechoka kama angekatwa miguu. Nimemsamehe, mimi ni mtu mzima.

Tursun kachungulia juu ya ukuta. "Ergash, jirani, kuna msiba? Mbona ua lako linalia?" Nikamwambia ni mwaridi wenye haya, aina adimu sana. Kacheka mpaka kofia yake ikaangukia upande wangu. Sijamrudishia.

Jumatano, 21 Mei

Nimegundua tatizo. Njaa! Mgonjwa si hupewa supu? Nimekwenda kwa wafuga njiwa, nimerudi na gunia la kinyesi. Kibichi, nguvu zote zimo. Nimelimwaga lote shinani. Kisha maji asubuhi, maji mchana, maji jioni. Sasa mwaridi umesimama topeni kama mpunga.

Wateja kinyozini wameuliza hiyo harufu ni ya nini. Nimesema ni manukato mapya. Mmoja kaondoka na nusu ya ndevu.

Alhamisi, 22 Mei

Majani yameungua kingo. Yanadondoka, maua nayo! Nimeamua ni jua. Nimeutandikia kivuli kwa kitambaa cha hariri cha Mavluda, kile alichokiweka kwa harusi ya binamu yake. Upepo ukavuma. Miiba ikafanya kazi yake.

Chakula changu cha jioni: mkate mkavu. Nao umeokwa na Tursun.

Ijumaa, 23 Mei

Balaa! Mama Oydin kapiga simu, anakuja kesho. Kasikia habari. Nimeuliza nani kamwambia. Mavluda akatazama dari.

Lakini Ergash hashindwi. Nimenunua mawaridi sokoni, fungu zima, mekundu kama damu. Nimeyafunga tawini moja moja kwa uzi wangu wa kung'olea nyusi za wateja. Nikarudi nyuma hadi mlangoni, nikakunja macho. Lo! Hata mimi nimedanganyika.

Jumamosi, 24 Mei

Mama Oydin kaingia na fimbo na mfuko wa aprikoti. Nikamwahi nikasema chai iko tayari. Akasema chai haina miguu, haitakimbia. Kaenda moja kwa moja uani, kainama kunusa. Waridi likamdondokea kiganjani, na uzi wake.

Kauvuta uzi, kaukagua.

"Ergash, mwanangu."

"Naam, Mama."

"Marehemu alipanda waridi la pinki. Hili jekundu, mti umezaa na nani?"

Mavluda kakimbilia jikoni kucheka. Mimi sikucheka, maana Mama Oydin kaketi pale pale kwenye tofali, lile waridi mkononi, na macho yamemlowa. Kasema katika nyumba yote ile aliomba kitu kimoja tu kisiuzwe. Nilitamani ardhi inimeze, tope na kinyesi vyote.

Kisha kakunja mikono ya gauni. Kaniamuru nizoe mbolea yote, nitoe tope, niweke udongo uliolegea. Halafu akaomba mkasi. Tawi la kwanza, chini! La pili! Nikapiga yowe.

"Kinyozi mzima unaogopa mkasi?" akaniuliza. "Mizizi umeibakiza kiduchu. Itayanywesha vipi matawi yote haya?"

Kakata mpaka vikabaki visiki vifupi, kijani kidogo ndani. Katandaza majani makavu shinani, kasimamisha mkeka upande wa jua, kamwaga ndoo moja polepole. Maji mengine, kasema, ni mpaka kidole kikiingizwa udongoni kikute pakavu. Nami nikipita karibu, nipite mikono nyuma.

Jumapili, 25 Mei

Kamati imekuja. Mwenyekiti katazama visiki, kauliza kama tumeishiwa kuni. Zulia kwa Tursun, tena. Jioni kaniletea mkate wa moto, eti kunifariji. Dharau gani hii! Nimeumaliza wote.

Mama Oydin haondoki mpaka mti uchipue. Kachukua godoro langu.

Jumamosi, 14 Juni

Machipukizi! Madogo, mekundu, kama kucha za mtoto mchanga. Mama Oydin kaketi chini, kayagusa kwa ncha ya kidole, analia na kucheka kwa pamoja. Kasimulia jinsi marehemu alivyochimba shimo siku ya harusi akiwa na joho jipya, na wageni wakadhani bwana harusi katoroka. Mavluda kapika pilau. Hata Tursun kaalikwa, na kofia yake karudishiwa. Wote wamemshukuru Mama Oydin. Hakuna aliyenishukuru mimi niliyeuleta mti hapa.

Jumapili, 15 Juni

Nimewaza sana. Huku uani nani anauona? Langoni ungeonekana na mtaa mzima, hasa wateja wa Tursun wakipanga foleni ya mkate. Mama Oydin na Mavluda wamekwenda sokoni. Jua linawaka, vizuri, udongo mkavu hauchafui viatu. Na safari hii sikurupuki. Mizizi nitaikata kwa wembe mpya.