Idara ya Viti vya Kando ya Barabara

Wakazi wa jiji la Lorimer walipewa habari njema asubuhi ya baridi kali. Theluji, iliyokuwa imefika magotini na kugoma kuyeyuka, ilikuwa imepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Si kwamba ingeondolewa. Kuondoa theluji ni kazi ya msimu, na uongozi makini haufanyi mambo ya msimu. Meya Rochelle Bancroft alisimama mbele ya kamera, akavua glavu moja ili aonekane mtu wa kazi, akatangaza kuundwa kwa Idara ya Uratibu wa Viti vya Kando ya Barabara.

Ni kweli kwamba magreda ya theluji yalikuwa mabovu, karibu yote. Lakini greda ukilitengeneza leo, kesho litaharibika tena. Idara ikishaundwa haiharibiki.

Mkurugenzi wake alikuwa Delbert Pruitt, mtu mwema na wa sala. Kila asubuhi, kabla hajawasha kompyuta, aliinamisha kichwa akamwomba Mungu hekima ya Sulemani. Kwa kuwa hakuwahi kusikia akikataliwa, alichukulia kwamba ameshapewa.

Na hekima ilihitajika. Tangu enzi za mababu, mtu wa Lorimer akichimbua gari lake kwenye theluji, nafasi ile ya kuegesha huwa yake. Akiondoka huacha kiti pale, akirudi anakikuta. Wapo waliowaacha wake zao, wapo walioacha kanisa, ila hajatokea aliyethubutu kuhamisha kiti cha jirani. Jambo hili halikuandikwa popote, na ndilo lililomnyima Delbert usingizi. Litakwendaje sawa bila kanuni?

Akatunga kanuni. Kiti halali kiwe na miguu inayolingana, egemeo, na kibali cha mkaguzi. Wakaguzi walikuwa hawajaajiriwa, hivyo jijini kote hapakuwa na kiti halali hata kimoja, hali iliyorahisisha sana utekelezaji. Kanuni aliyoipenda kuliko zote aliiandika mwenyewe huku machozi yakimlengalenga: theluji iliyoanguka barabarani ni mali ya jiji, na mwananchi asihamishe mali ya jiji kutoka mahali pake bila idhini.

Zoezi lilizinduliwa Barabara ya Plum, kwa sababu Meya alikuwa anakuja huko kuhutubia na gari lake lilihitaji pa kukaa. Delbert alitangulia na lori na vibarua wawili. Wakapakia viti vya bustani, ubao wa kupigia pasi, baiskeli ya mazoezi isiyowahi kumpunguza mtu, na sanamu ya Mtakatifu Yusufu iliyokuwa ikilinda nafasi ya Darnell Gaines, kinyozi.

"Oya, bosi! Na mtakatifu naye?" Darnell alipiga kelele kutoka barazani, beleshi mkononi.

"Hana egemeo," Delbert alijibu kwa upole.

"Anamwegemea Mungu, we vipi?"

"Idara inaheshimu imani zote. Hajakamatwa. Amehamishwa kwa muda."

Mbele kidogo, Bibi Lorraine Kaczmarek alikuwa ameshamfunga mkanda mumewe, mzee Stan, ndani ya gari, na sasa alikuwa akiweka kiti cha jikoni cha manjano katika nafasi yao. Nafasi yenyewe ilikuwa imekwanguliwa mpaka lami. Kulia na kushoto theluji ilisimama kama ukuta, na pale tu ndipo palikuwa na mwanya wa kufikia mlango wao.

"Mama, hicho kiti kina kibali?"

"Kiti cha jikoni kina kibali cha nini, mwanangu?"

"Cha kukaa barabarani."

"Sikiliza. Huyu mzee nampeleka hospitali kusafishwa damu. Figo zimekwisha. Akitoka kule miguu inakuwa uzi uliolowa. Nikirudi nikute pamechukuliwa, nitamshushia kule kona, na kutoka kule mpaka hapa ni barafu tupu. Alishaanguka mara moja. Akianguka tena hainuki."

Delbert alimsikiliza kwa moyo wake wote. "Idara inakuhurumia sana," alisema, akawapa vibarua ishara. Kiti kikapanda loriini.

"Nitakipata lini?"

"Mchakato ukiisha."

"Unaisha lini?"

"Hilo nalo litaangaliwa ndani ya mchakato."

Mzee Stan aliteremsha kioo. "Lorraine, usigombane na kijana wa watu. Mwambie aingie ndani achukue na kochi la mama yako. Tangu mazishi tunatafuta wa kulibeba."

Bibi Lorraine hakucheka. Aliitazama nafasi ile jinsi mtu anavyomtazama mtoto anayemwacha kwa mgeni, akaingia garini, akaondoka. Delbert alimwombea safari njema, na alimwombea kweli.

Lori likaondoka na vibarua kuelekea ghala la Idara, na muda si mrefu Meya akafika. Gari lake jeusi lilipita polepole likitafuta pa kuingia, likakuta mahali pamoja pasafi kuliko pote, likaingia. Meya akapanda ngazi za baraza ya Darnell, akaielekea kamera, akaanza kuzungumzia wadau, dira na ushirikishwaji.

Wadau walisimama nyuma ya kamera na mabeleshi yao, wakinywa kahawa. Darnell alimsogelea Delbert, akashusha sauti.

"Bosi, nisaidie kuelewa. Hii theluji ni mali ya nani?"

"Ya jiji."

"Na pale lilipo gari la mheshimiwa, theluji yake ilitolewa na Bibi Lorraine bila idhini?"

"Inasikitisha, lakini ndiyo."

"Basi sisi majirani tumelea uhalifu. Tukiirudisha mahali pake, tutakuwa tumevunja kanuni au tumeitii?"

Delbert alimshika bega. Tangu aajiriwe hakuwahi kuona mwananchi akiielewa kanuni yake hivyo, tena bila semina. "Mtakuwa mmeitii," alisema.

Mtaa mzima ukatii. Ulitii kwa bidii, kwa zamu, kimyakimya kama watu walio ibadani. Meya alipofika kwenye neno "uwazi" aligeuka kuwaonyesha wapiga picha barabara yake, akakuta kilima chenye antena juu.

"Delbert, gari langu liko wapi?"

"Lipo, mheshimiwa. Limerejeshewa mazingira yake ya awali."

Meya alipiga simu. Greda pekee lililokuwa zima, ambalo kwa bahati lilikuwa likizunguka nje ya nyumba ya Meya, lilifika kabla kahawa haijapoa. Barabara ya Plum ikasafishwa katikati kutoka mwanzo hadi mwisho, na watoto walioijua lami kwa kusimuliwa wakatoka kuitazama. Ila greda husukumia theluji pembeni, na pembeni ndiko lilikokuwa gari la Meya. Antena nayo ikapotea.

"Sasa umefanya nini wewe?" Meya alimfokea dereva wa greda.

"Mimi nasukuma tu, mheshimiwa. Kuchimbua ni kazi ya beleshi."

Meya akawageukia wadau. Wadau wakatazama viatu vyao.

"Tungependa mno kusaidia," Darnell alisema, "ila hiyo ni mali ya jiji. Hatuna idhini."

"Delbert, wape idhini!"

"Idhini inatolewa na kamati, mheshimiwa."

"Iite basi hiyo kamati!"

"Bado hujaiteua."

Meya alimsogelea. "Wewe ni mtumishi wa jiji?"

"Kwa neema ya Mungu."

"Chimba."

Darnell alimkabidhi beleshi kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Delbert akachimba. Mara ya kwanza aliirusha theluji kinyume na upepo ikamrudia yote usoni, na mtaa ukamshangilia. Tai ikaloa, viganja vikachubuka, na mgongo ukaanza kumweleza mambo ambayo hayakuwamo katika kanuni. Alipofika kwenye magurudumu, gari la Bibi Lorraine lilirudi. Lilisimama katikati ya barabara, taa zikipepesa. Ndani yake mzee Stan aliegemeza kichwa kwenye kioo, rangi yake imekuwa ya jivu, na hakuwa na utani wowote. Delbert alimwona. Akaongeza kasi.

Hatimaye gari jeusi likachomoka. Meya hakuaga. Mahali pale pakabaki peusi na pasafi mpaka kwenye lami, na mwanya wa kufikia mlango ukawa wazi. Bibi Lorraine aliweka gia ya kurudi nyuma. Lakini kutoka upande wa pili pikapu kubwa ilikuwa imekwisha kuwasha indiketa na kukunja usukani.

Delbert aliruka mbele yake. "Hapana! Hapa pana mwenyewe! Nimechimba mimi!"

Dereva wa pikapu alitoa kichwa nje. "Kiti kiko wapi?"

"Nini?"

"Kama pana mwenyewe, kiti kiko wapi? Wewe si wa Lorimer, nini?"

Delbert aligeuka huku na huku. "Jamani, kiti! Darnell! Nipeni kiti, chochote, hata stuli!"

"Viti vyote viko ghalani kwako, bosi," Darnell alisema. "Sisi tunakula tumesimama."

Pikapu ikanguruma, ikasogea. Ndipo Mkurugenzi wa Idara ya Uratibu wa Viti vya Kando ya Barabara alipoketi chini katikati ya nafasi ile, juu ya lami yenye barafu, akanyoosha mgongo na kuweka mikono magotini.

"We bwana, unafanya nini?" dereva aliuliza.

"Mimi ndiye kiti," Delbert alisema.

Dereva alikanyaga breki. Alikuwa mtoto wa Lorimer, amelelewa vizuri. Akazima indiketa, akainua kofia kidogo, akaenda zake.

Bibi Lorraine aliingiza gari taratibu, Delbert akasogea kwa makalio mpaka lilipotulia. Kisha Delbert akaweka bega lake chini ya kwapa la mzee Stan, wakaenda hatua kwa hatua hadi mlangoni. Mzee hakuteleza. Delbert alisimama pale ngazini, suruali imegandia miguuni, akingoja kushukuriwa.

"Keshokutwa tunarudi tena hospitali," Bibi Lorraine alimwambia, mkono kwenye kitasa. "Uwahi, mwanangu. Huwa tunatoka saa moja."