Mlango wa Mkurugenzi

"Mamlaka ya Vibanda vya Mlimani ina furaha kuutangazia umma kwamba, kuanzia asubuhi hii, foleni imefutwa rasmi!"

Aliyesema hayo ni Mkurugenzi Asbjørn, mbele ya kamera mjini Trondheim, Norwe, skonzi ya mdalasini mkononi.

Nyuma yake Ragnfrid, fundi wa hifadhidata, alikuwa akitafuna kucha. Kila mwaka, Pasaka ikikaribia, nchi nzima hukimbilia kukodi vibanda kwa wakati mmoja, na kila ombi sharti lichukue kufuli kwanza, familia mbili zisije zikapewa kibanda kimoja. Makufuli yote yaliandikwa kwenye jedwali moja la kompyuta, lenye mlango mmoja. Vibanda vilikuwa tele. Watu walikwama mlangoni. Miezi michache nyuma Ragnfrid alikuwa amependekeza jedwali ligawanywe vipande kumi na sita, kila kipande na mlango wake. Kwa kuwa wazo lilikuwa la maana, liliundiwa kamati.

"Na mimi nitapita mlango upi?" Mkurugenzi aliuliza kikaoni.

"Wowote tu, bosi. Kama watu wengine."

"Kama watu wengine! Dada, unanitania? Mimi nikiingia, nishike yote kumi na sita."

"Ukiishika yote, wenzako watasimama."

"Ndiyo heshima yenyewe hiyo."

Kamati ikapiga makofi. Mkataba wa Ragnfrid ulikuwa unakaribia kwisha. Akaandika alivyoamriwa.

Basi asubuhi hiyo ya kamera milango ikafunguliwa, na maombi yakapita kama maji. Watu walipata vibanda kabla kahawa haijapoa. Ragnfrid akaanza kupumua. Ndipo Mkurugenzi alipoketi kwenye kompyuta yake, ajionee mafanikio, akabonyeza "Tazama Yote".

Nchi nzima ikaganda.

Simu ikalia. Alikuwa Waziri, naye Mkurugenzi akafungua spika ili wanahabari wasikie pongezi.

"Asbjørn, natafuta kibanda, nimekwama. Kulikoni?"

"Hujuma, Mheshimiwa! Kuna mtu kashika milango yote. Nitamfukuza leo hii, awe nani awe nani!"

"Vizuri sana. Ni nani?"

Ragnfrid akaiuliza mashine. Jina likatokea kwenye skrini kubwa, pamoja na cheo. Akalisoma kwa sauti, polepole, kama alivyofundishwa kuyasoma majina ya wakubwa.

"Asbjørn," Waziri akasema, "uamuzi wako nauunga mkono. Ila kabla hujaondoka, zima hiyo kompyuta."

Akaizima. Papo hapo Waziri akapata kibanda. Choo chake kilikuwa nje, kwenye theluji, lakini hakulalamika.