Ng'ombe Mkavu na Ukurasa wa Sheria

Jumatatu, 6 Julai 1998

Mungu ni mkubwa! Leo nimenunua maini kwa Opiyo, mwenye bucha hapa Sigor, akanifungia kwa ukurasa wa sheria mpya ya vyama vya ushirika. Nimeusoma kabla maini hayajaiva. Kizungu kizito, lakini nimekielewa: ofisa wa serikali hawezi kulazimisha chama kitoe vitabu vya hesabu bila amri ya maandishi kutoka juu.

Na keshokutwa Onyancha, ofisa wa ushirika, anakuja kutoka Bomet kuchukua vitabu vya chama chetu cha maziwa. Mimi sina wasiwasi. Ila kidogo. Ng'ombe wangu amekauka tangu Pasaka, lakini kwenye kitabu cha maziwa hajakosa asubuhi hata moja. Mimi ndiye katibu, kalamu ninayo, ningemwaibishaje? Uchaguzi ni Ijumaa. Vitabu vikionekana, kwaheri kiti.

Jumatano, 8 Julai

Ushindi! Onyancha alifika na pikipiki, akadai vitabu mbele ya watu wote pale banda la maziwa. Nikamwomba amri. Akapekua koti. Akapekua mkoba. Akainua hata kiti cha pikipiki. Akasema amefanya kazi hii tangu mimi navaa kaptura na hajawahi kuulizwa karatasi. Nikamfunulia ukurasa wangu. Ulinuka maini, akarudi nyuma kidogo. Watu wakapiga makofi, wengine wakaniita wakili. Nilijisikia vizuri sana, sifichi.

Ameondoka akisema Ijumaa atarudi na amri. Basi vitabu lazima vifichwe. Ofisi itapekuliwa, nyumba yangu pia. Nikafikiri mpaka chai ikapoa. Chumba cha mama mkwe! Mwanamume gani atakanyaga pale? Chepkosgei, mke wangu, amevipeleka kwa kiondo, chini ya sukuma wiki. Nilimwambia asiulize maswali. Hakuuliza. Si kawaida yake.

Alhamisi, 9 Julai

Nimepata akili mpya. Kwa nini nifiche, na wembe na kalamu vinaweza kumkausha ng'ombe kitabuni kuanzia Pasaka bila mtu kujua? Mbio kwa mama mkwe.

Kwetu mtu hamsogelei mama mkwe, wala hamtazami usoni. Yeye akasimama upande ule wa ghala la mahindi, mimi upande huu, kila mtu akiongea na ghala. Nikaliambia ghala naomba vitabu. Ghala likajibu kwamba bado linasoma. Linasoma! Nikaliambia sheria inakataza. Likauliza inamkataza nani. Nikatoa ukurasa wangu, nikausoma kwa sauti hadi chini kabisa: "Lakini mwanachama yeyote..." Hapo ukurasa unaisha. Sikuwa nimejali, neno la maana haliwezi kuanza na lakini. Ghala likanikumbusha kwamba nalo ni mwanachama, na ng'ombe wake anakamuliwa kweli.

Chepkosgei amekataa kunitolea. Anasema mama yake hajamaliza, na akina mama wa kanisa wanakuja kumsaidia tarakimu. Mlango ulikuwa wazi. Nikakiona kitabu cha buluu juu ya kitanda. Mbuzi akaingia, akatoka. Mbuzi! Mimi niliyelipa mahari siwezi kugusa hata kizingiti.

Ijumaa, 10 Julai

Siku mbaya. Onyancha alikuja kwenye mkutano wa uchaguzi bila amri! Wakubwa wake wamemnyima. Nusura nicheze. Lakini yeye alikaa nyuma akinywa chai, ametulia kabisa. Kisha mama mkwe akasimama na kitabu. Kwa heshima alinipa mgongo. Na akiwa amenipa mgongo vivyo hivyo, akanimaliza. Alimsoma ng'ombe wangu asubuhi baada ya asubuhi. Mzee Jonah, mwenyekiti, alicheka mpaka akashika ukuta. Mtu mmoja akauliza kama anaweza kununua ndama wa ng'ombe anayekamuliwa akiwa mkavu. Nikadai amri ya maandishi. Wakacheka zaidi.

Kiti cha katibu amepewa Rodah, mwanachama mwenzetu. Ng'ombe wangu akizaa, maziwa ni ya chama mpaka nimalize kurudisha yale ya kwenye kitabu. Chepkosgei ameniwekea ugali bila kunitazama. Nina aibu, chakula hakishuki.

Jumatatu, 13 Julai

Chakula kimeshuka. Nimeenda kwa Opiyo, nikanunua matumbo kwa sharti kwamba ayafunge kwa ukurasa uliofuata. Amepekua rundo lake, akaupata. Unasema mwanachama yeyote anaweza kukagua vitabu vya chama chake wakati wa kazi. Yeyote! Na mimi sasa si ni mwanachama wa kawaida? Rodah ana ng'ombe wawili, na kalamu anayo tangu Ijumaa. Hakosi kosa. Kesho alfajiri niko dirishani kwake ofisini nikidai vitabu, na kiti kitarudi kwa mwenyewe.

Ukurasa unaishia kwenye neno "isipokuwa". Opiyo ameniuliza kama nataka na ule mwingine. Nimemwambia hapana, matumbo yanatosha.