Nukta Yangu Ikae Juu ya Niyonkuru

Jumatatu, 3 Machi
Bahati imenidondokea! Kikundi chetu cha wauza miche ya migomba kimenikabidhi ramani ya mtandaoni. Kila kitalu, nukta yake. Alhamisi Sista Eugenia wa parokia ataifungua achague pa kuwanunulia miche wakulima ambao migomba yao imepigwa na ugonjwa wa mnyauko. Na chini kabisa, Chonyonyo, yupo Niyonkuru, mshindani wangu. Nimegundua siri: ramani huacha nafasi tupu pembeni ili nukta zisibanwe na ukingo wa skrini. Nikiifuta, nukta ya Niyonkuru inakatwa kiuno. Nimeifuta.

Jumanne, 4 Machi
Mke wangu Sperancia kauliza kitalu chetu kiko wapi. Nikamwonyesha juu, Nyakatuntu. Akasema haoni kitu. Balaa! Sisi ndio wa juu kabisa. Ukingo umetumeza pia. Kacheka hadi ndizi aliyokuwa akimenya ikamponyoka.

Jumatano, 5 Machi
Nimerudisha nafasi, upande wa juu tu. Kubwa! Kwangu uwanja wa mpira, kwa Niyonkuru hapapiti uzi. Kwenye kompyuta ya Ukasha, mwenye duka la madaftari na kalamu, inapendeza mno. Ukasha akanishauri nijaribu na kwenye simu, skrini yake ni ndogo. Nikamwambia auze kalamu zake.

Alhamisi, 6 Machi
Sista ametumia simu.
Ile nafasi imemeza karibu skrini nzima. Nukta zote zimesukumwa chini, zikapandana kama mbuzi mnadani. Iliyozifunika zote? Ya Niyonkuru, maana ramani huchora mwisho ile ya chini kabisa! Sista kabonyeza, kampata yeye, kaagiza kwake. Jioni Niyonkuru kaja na mkungu wa ndizi kunishukuru kwa kazi nzuri. Miche yake haitoshi, akaomba tushirikiane.
“Baba Kokuhirwa, kubali,” akasema Sperancia. “Miche yetu inazeeka kwenye viriba.”
Nikakataa. Mtu ana heshima yake! Mkungu nimeupokea.

Ijumaa, 7 Machi
Niyonkuru kachukua miche ya kujazia kutoka kitalu cha kijiji cha Kibingo. Sperancia anaihesabu miche yetu inayozeeka, kwa sauti ili nisikie.
Haidhuru. Kosa lilikuwa la nafasi, si langu. Leo nimemzungushia Niyonkuru nukta zangu pande zote, azibwe kabisa. Sista akija kununua tena, akibonyeza popote, ni mimi! Moja imeangukia katikati ya ziwa. Si neno. Watadhani ninamwagilia.